Jina Lililosomwa Barazani

Kwetu Taita, mtoto aliyetumwa dukani akakawia alipokelewa mlangoni kwa swali moja: "Ulikuwa umekwenda Kariakoo?" Nyanya aliuliza hivyo, shangazi zangu waliuliza hivyo, na sisi tulicheka tu. Nilidhani Kariakoo ni mahali pa mbali penye vitu vingi vya kutazama. Nilipofika Nairobi mara ya kwanza nikaliona soko la Kariokor, na miaka mingi baadaye nikapotea katika msongamano wa Kariakoo ya Dar es Salaam, nilijiambia: ndiyo maana watu hukawia.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba masoko hayo mawili yamerithi jina la kambi za wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliliita kundi lao Carrier Corps, na ndimi za watu wetu zikalifanya Kariakoo. Nilichelewa zaidi kuelewa kwamba nyanya hakuwa akitania bure. Katika ukoo wetu alikuwako mtu aliyekwenda Kariakoo kweli, na hakurudi. Alikuwa baba wa babu yangu.

Baba yangu alipofariki, niliachiwa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa siku ya mazishi. Unajua unavyoanza: marehemu alikuwa mwana wa fulani, mjukuu wa fulani. Nikaandika jina la babu. Nikaandika jina la baba wa babu. Hapo kalamu ikasimama. Alifariki lini, alifia wapi, amezikwa wapi, sikuwa na jibu hata moja. Usiku wa matanga, mzee mmoja wa nyumba ya pili ya ukoo wetu aliiona karatasi mkononi mwangu. Akasema bila ukali, kama mwalimu anayesahihisha tahajia, "Huyo usimwandike sana. Huyo alitoroka jeshini akaoa Tanganyika."

Neno hilo nililisikia tangu utotoni. Sisi ni wajukuu wa mtoro. Lilitajwa kila kulipotokea ugomvi wa mpaka wa shamba, na nyuma yake lilifuata lingine lililosemwa kwa sauti ya chini: kwamba yule mtoro hakuacha mtoto, na kwamba babu yetu alizaliwa nyuma ya safari. Shamba lilikwisha kupimwa na hati ikatoka kwa jina la babu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutunyang'anya. Lakini maneno hayapimwi wala hayana hati, na baba yangu aliingia kaburini nayo.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji asiye wa kwetu hana budi kulijua. Wadawida wa zamani hawakuwaacha wazee wao ardhini. Baada ya muda, fuvu la mzee lilifukuliwa na kupelekwa katika pango la ukoo, likapangwa pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Baadhi ya mapango hayo yapo hadi leo milimani. Desturi yenyewe ilififia kadiri Ukristo ulivyoenea, lakini katika ujana wa baba wa babu yangu, pango ndilo lililokuwa daftari la ukoo: aliyemo ni wetu, na tunajua alipo. Yeye hayumo pangoni. Hayumo makaburini wala katika vitabu vya kanisa. Kama yupo mahali, nilifikiri, atakuwa katika karatasi za wale waliomchukua.

Basi, matanga yalipokwisha, nikaenda kumtafuta huko.

Nyaraka za Kitaifa za Kenya ziko katikati ya Nairobi, kando ya barabara ya Moi, katika jengo lililokuwa la Benki ya India. Chini kuna vinyago, vitambaa na vito kutoka mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais. Wageni wengi huishia hapo. Anayetafuta habari hujiandikisha, huacha mkoba wake, huingia chumba cha kusomea na kuanza kupekua orodha za mafaili. Kwa sheria ya Kenya, nyaraka za serikali huwa wazi kwa umma zikishatimiza miaka 30, kwa hiyo za mwaka 1917 hazina kizuizi.

Siku ya kwanza nilifanya kosa la kila mgeni. Nilitaja jina. Mama aliyekuwa zamu, wa umri wa shangazi yangu, alinitazama juu ya miwani yake.

"Mwanangu, hapa hatuna watu," alisema. "Tuna ofisi. Niambie ni ofisi gani ilimtaka mtu wako, na ilimtaka kwa nini."

Sentensi hiyo ilinifaa kuliko kitabu chochote nilichosoma baadaye. Nyaraka hazikupangwa kwa majina ya watu wala kwa koo. Zimepangwa kwa ofisi iliyoziandika: karatasi za mkuu wa jimbo la Pwani ziko chini ya PC/COAST, za wakuu wa wilaya ziko chini ya DC na herufi za wilaya, na kadhalika. Ndani ya ofisi hizo, mwananchi wa kawaida hutokea pale tu serikali ilipokuwa na haja naye. Na haja hizo zilikuwa chache. Serikali ya mwaka 1917 ilitaka kodi yake, ilitaka mikono yake, na akikosa ilimtaka mahakamani.

Tangu mwaka 1901 kulikuwa na kodi ya kibanda, kwa hiyo ofisi zilihesabu mapaa. Mwaka mtu aliozaliwa haukuiingizia serikali senti, kwa hiyo hakuna aliyeuandika. Kuandikisha vizazi vya Waafrika wa vijijini kulikuja baadaye sana. Ndiyo maana ndugu yangu anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha babu yake atatafuta hadi achoke, na hali risiti ya kodi ya babu huyohuyo imelala ndani ya sanduku nyumbani kwao.

Nikajiuliza swali la yule mama. Nani alimtaka baba wa babu yangu? Si idara ya kipande. Sheria ya kuandikisha wanaume wa Kiafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya vita haikuanza kufanya kazi hadi mwaka 1919 na 1920. Ndipo wanaume wa kuanzia miaka 16 walipochukuliwa alama za vidole, wakapewa karatasi ya kubeba ndani ya kijaluba cha chuma, ambacho wengi walikivaa shingoni. Wakenya bado huita kitambulisho kipande. Mtu wangu aliondoka kabla ya hayo. Aliyemtaka ni jeshi.

Vita vilitufikia Wataita mapema. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na wakakaa hapo hadi Machi 1916. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, wakavuta maji kwa mabomba kutoka Bura, na nchi kavu kati ya milima yetu na Kilimanjaro ikajaa mahema. Kisha vita vikahamia kusini, ndani ya Tanganyika ya leo, kusikokuwa na barabara za kutosha, ambako mbung'o waliua farasi na nyumbu. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake uliwatumia watu takriban milioni moja kubeba chakula, risasi na wagonjwa. Waliwaua kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi usiosagwa vizuri ambao haukupata muda wala kuni za kuiva.

Mkuu wa Carrier Corps alikuwa Oscar Watkins, ofisa aliyejua Kiswahili na aliyelalamika mara kwa mara kuhusu jinsi wapagazi walivyotunzwa. Chini yake kila mpagazi alipewa namba, na namba hiyo ilipigwa kwenye bati la kuvaa. Mapema mwaka 1917 ulikuja msako mkubwa kuliko yote. John Ainsworth aliteuliwa kuusimamia, na machifu wakaambiwa watoe watu. Makumi ya maelfu walichukuliwa katika miezi michache.

Niliposoma hayo nilidhani kazi imekwisha: kuna namba, basi kuna daftari la namba. Lakini mwaka 1939 makao ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi yaliungua moto, na karatasi nyingi za serikali kuu zikateketea. Anayefuatilia habari za wapagazi hukutana na moto huo kila anakogeuka. Kinachobaki kimetawanyika. Barua zilizopelekwa London ziko huko Kew, katika mfululizo uitwao CO 533. Nakala za filamu za karatasi nyingi za majimbo na wilaya ziko Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, zilikopelekwa katika miaka ya 1960. Na mafaili ya wilaya, yaliyokuwa mbali na Nairobi siku ya moto, yalisalimika. Kwa hiyo kilichopotea makao makuu huenda kikapatikana kwa nakala, mahali kilipotumwa. Hilo ni somo la pili nililolipata pale mezani: barua ina ncha mbili. Ukikosa ya mwandikaji, tafuta ya mwandikiwa.

Nilitafuta kwa safari nne, kila moja siku mbili au tatu, kwa sababu nafanya kazi Mombasa na likizo yangu ina mwisho. Nilisoma malalamiko kuhusu mbuzi, ripoti za mvua, barua za wamisheni waliotaka kiwanja. Katika safari ya nne, ndani ya faili moja la wilaya lililohusu mishahara, nilifungua karatasi zilizopigwa chapa kwa wino uliofifia. Ilikuwa orodha ya wapagazi ambao mishahara yao haikudaiwa.

Ilikuwa na safu sita: namba, jina, jina la baba, chifu, kiasi anachodai, na maelezo. Katika safu ya maelezo kuna neno moja la Kiingereza lenye maana ya marehemu, lililorudiwa kuteremka ukurasa mzima, na kando yake mahali na mwezi.

Niliisoma orodha yote na sikumwona. Nikaisoma tena. Mara ya tatu nilianza kusoma kwa kunong'ona, na hapo ndipo nilipomsikia.

Jina lake silitaji hapa, na sababu yake utaiona mbele. Lakini nitakuonyesha lilivyoharibika. Chukua jina kama Maghanga, lililojaa kwetu. Mtu asiyezoea sauti yetu ya gh ataandika Maganga. Anayenakili kutoka kwake, akidhani ni neno la Kiswahili lililokosewa, ataandika Mganga. Kwa hatua mbili tu, mtu ameondoka duniani na mahali pake amekaa tabibu asiyejulikana. Jina la baba wa babu yangu lilipita mikononi mwa mnyapara, karani wa kambi, karani wa hospitali na mpiga chapa, na kila mmoja alilipunguza kidogo. Macho yangu yalikuwa yamelipita mara mbili. Lakini jina la baba yake, katika safu ya tatu, lilikuwa limebaki karibu zima, na chifu alikuwa wa kwetu. Jina la mtu, jina la baba na chifu kwa pamoja havikuacha nafasi kubwa ya mtu mwingine.

Maelezo yalisema amefariki, Dodoma, Oktoba 1917. Kiasi: rupia 33.

Fedha nazo husema. Kwa viwango vya wakati huo, mpagazi alipata rupia 5 kwa mwezi kwa miezi 3 ya kwanza, kisha rupia 6. Mara 3 kwa 5 ni 15. Rupia 18 zilizobaki ni miezi 3 ya rupia 6. Jumla ni miezi 6. Ukirudi nyuma miezi 6 kutoka Oktoba unafika Aprili, katikati ya masika. Nyanya alisimulia kwamba baba mkwe wake alichukuliwa shambani, jembe likiwa bado na udongo mbichi. Nilikuwa nikiona jembe hilo kama pambo la hadithi. Sasa hesabu ya karani ilikuwa imeliweka mahali pake.

Kwa hiyo hakutoroka. Alibeba mzigo miezi 6. Dodoma ya mwaka 1917 ilikuwa kituo cha reli ambako mizigo ilipakuliwa ili ibebwe kusini kuelekea Iringa, na ndiko wagonjwa walikorudishwa. Hakuchukua hata rupia moja ya mshahara wake. Mtu anayekusudia kutoroka na kuoa hawezi kuacha rupia 33.

Nyuma ya orodha ilifungwa barua fupi. Ilieleza kwamba majina yamesomwa mbele ya watu barazani, baadhi ya jamaa wamejitokeza, na kwa waliobaki hakuna aliyedai.

Niliirudia sentensi hiyo mara nyingi. Jina lake lilisomwa. Siku moja baada ya vita, mahali fulani milimani kwetu, mtu alisimama na karatasi, na mkewe huenda alikuwa amekaa palepale chini ya mti na wanawake wengine. Likatamkwa jina la mtu asiyekuwako duniani. Hakuna aliyeitika. Karani akaenda jina linalofuata.

Mishahara ya namna hiyo, ya maelfu ya waliokufa, ilizua mabishano marefu kati ya Nairobi na London, na katika miaka ya 1930 bado walikuwa wakiandikiana juu yake. Wakati huohuo kumbukumbu za mawe zilikuwa zimekwisha kusimamishwa. Jioni ile nilitembea hadi barabara ya Kenyatta kuiona sanamu ya askari, iliyowekwa mwaka 1928. Nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kutazama. Kati ya watu wa shaba waliosimama pale, mmoja ni mpagazi. Maandishi chini yake yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Wanawe. Serikali yenyewe haikujitwika kazi hiyo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ukienda makaburi ya kijeshi ya Voi au Taveta, utawakuta vijana wa Uingereza na Afrika Kusini wamelala chini ya majina yao, kila mmoja na jiwe lake. Katika Tanganyika ya miaka ya 1920, maofisa walikubaliana kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa na karatasi iliyomsafisha mtu aliyeitwa mtoro kwa miaka mia. Lakini katika basi la kurudi Mombasa nilifanya hesabu nyingine, ile niliyokuwa nikiikwepa tangu pale mezani.

Kitambulisho cha babu, ambacho baba alikitunza ndani ya Biblia, kinasema alizaliwa mwaka 1919. Hakina siku wala mwezi. Miaka ya namna hiyo ilikuwa ya kukadiria; mtu alitazamwa usoni, akaulizwa ni tukio gani analolikumbuka, akaandikiwa mwaka. Kwa hiyo 1919 peke yake haina nguvu. Lakini nyanya alisema sikuzote kwamba mumewe alizaliwa watu walipokuwa wakifa kwa homa, na ile homa kuu ya mafua ilifika Kenya mwaka 1918, kuanzia Septemba. Mtu aliyechukuliwa Aprili 1917 angeweza kuacha mimba iliyozaliwa hadi Januari 1918. Baada ya hapo, hapana.

Karatasi iliyomtoa baba wa babu yangu katika utoro ilikuwa inamtoa pia katika ubaba. Wale wa nyumba ya pili walikosea neno la kwanza, na la pili, lile la sauti ya chini, huenda walilipatia. Nilikuwa na picha ya orodha ndani ya simu yangu, na kwa wiki tatu sikumwonyesha mtu.

Aliyebaki wa kumwuliza alikuwa shangazi, dada ya baba, aliyevuka miaka 80. Nilimkuta kwake karibu na Wundanyi, ameketi barazani akichambua maharagwe ya kupika kimanga. Nikamsalimia, nikampokea ungo, tukachambua pamoja. Nilimweleza kwa mzunguko: moto wa 1939, reli ya Voi, rupia. Alinisikiliza kama mtu anayemngoja mtoto afike mwisho wa shairi.

"Amefia Dodoma," nilisema hatimaye. "Mwaka 1917, shangazi."

"Alaa." Akanyamaza kidogo. "Dodoma. Hilo sikulijua." Kisha akaniangalia. "Na sasa umehesabu."

"Nimehesabu."

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kasha la bati ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Ndani mlikuwa na vyeti vya ubatizo, picha mbili, na furushi la risiti za kodi zilizofungwa kwa uzi. Akatoa moja. Ilikuwa ya mwaka 1924, kwa jina la mdogo wake yule aliyepotea: vibanda 2, shilingi 24.

"Huyu mzee hakuwahi kuoa mke wa pili kwa mahari," shangazi alisema. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Kibanda cha pili ni cha nani?"

Sikuhitaji kujibu. Kurithi wajane ilikuwa desturi kwetu, kama ilivyokuwa kwa jamii nyingi. Mume alipokosa kurudi, mdogo wake aliichukua nyumba ya kaka yake: akalima shamba lake, akaezeka paa lake, akalipa kodi yake, akazaa ndani yake.

"Baba yangu alimwita baba mdogo hadi siku aliyomzika," shangazi aliendelea. "Yeye ndiye aliyetaka aitwe hivyo. Wazee walimwambia ampe mtoto jina lake mwenyewe, akakataa. Akasema huyu ni mtoto wa kaka. Kaka hakurudisha hata fuvu, na mnataka akose na mtoto?"

Tulikaa kimya. Maharagwe yalikuwa yamekwisha, nami niliendelea kuyapitisha vidoleni.

"Kwa nini hukumwambia baba?" niliuliza. "Aliteseka na maneno yale."

"Baba yako aliuliza nani alimzaa babu yenu. Hakuniuliza babu yenu ni mtoto wa nani." Akaifunga risiti pamoja na zenzake. "Ni maswali mawili hayo, mwanangu."

Nimeyafikiria maneno yake pamoja na ya yule mama wa chumba cha kusomea. Serikali ilimwandika baba wa babu yangu mara moja, kwa sababu ilikuwa na deni, na ikakosea jina. Miaka mingi baadaye iliandika jina lilelile kwenye kitambulisho cha babu, mahali pa jina la tatu, herufi kwa herufi, gh ikiwa mahali pake. Karatasi ya kwanza ni ya kweli na ina jina la uongo. Ya pili ina jina sahihi, na mtu wa damu angesema ni uongo. Mimi nilikwenda Nairobi nikidhani karatasi itaamua ugomvi wa ukoo. Iliniambia alifia wapi na alidai kiasi gani, na kwa hilo naishukuru. Lililobaki halikuwa kazi yake. Mdogo mtu alikuwa ameliamua kabla karani hajafika barazani.

Nyumba ya pili, kwa taarifa yako, ni watoto na wajukuu wa mdogo huyohuyo. Waliotuita wa nyuma ya safari ni ndugu zetu wa damu moja kabisa. Nilipompelekea nakala ya orodha yule mzee aliyenisahihisha usiku wa matanga, aliisoma polepole, akasogeza karatasi mbali na macho, akaisogeza karibu. "Rupia 33," alisema. "Na hawakulipa?" Akaniomba nimwachie nakala. Neno mtoro sijalisikia tena kwake. Lile la pili sikumgusia, naye hakuniuliza.

Kabla sijaondoka kwa shangazi siku ile, aliniuliza jambo moja.

"Hebu lisome. Kama walivyolisoma wao."

Nikaitoa simu, nikalisoma jina kama lilivyopigwa chapa, kwa sauti ya karani, jina na jina la baba, kama mtu aliyesimama mbele ya umati.

Shangazi alitikisa kichwa. "Hata mimi nisingeitika," alisema. "Sasa lisome vizuri."

Nikalisoma vizuri. Akalirudia baada yangu, mara moja, kwa sauti ya chini. Kisha akanitaka nisiende kuliandika mbele ya watu wasiomjua, maana lilikwisha kusomwa vibaya mara moja mbele za watu na hiyo inatosha. Nimemtii. Lakini katika daftari langu la ukoo, chini ya jina la baba na la babu, nimeliandika zima, na mbele yake: alichukuliwa Aprili 1917, amefariki Dodoma, Oktoba 1917, anadai rupia 33. Mstari unaofuata nimeandika jina la mdogo wake, na pembeni: huyu ndiye aliyelipa kodi.